Mti wa Ruhusa

Kwa zaidi ya miaka thelathini serikali ya mkoloni ilihakikisha kwamba mkulima Mwafrika wa Murang'a hapandi kahawa. Baadaye, kwa miaka mingine mingi tu, serikali ya Kenya huru ikahakikisha kwamba haing'oi. Mti ni ule ule, shamba ni lile lile, na mara nyingi hata familia ni ile ile.

Nina sababu ya kujali. Nyuma ya nyumba ya shosho, huku Mathioya, kuna miti 212 ya kahawa. Nimeihesabu mwenyewe. Tangu niache chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika, nimekuwa nikiishi kwake: naandika makala za watu kwa simu na laptopu ya kuazima, na msimu ukifika nachuna kahawa. Baba zangu wadogo wawili wanataka miti hiyo itoke, ipandwe avokado ya Hass. Hesabu yao si mbaya. Avokado haitaki dawa nyingi, haitaki kiwanda, na mnunuzi anakuja na lori lake hadi kwa geti, anahesabu pesa ukiona. Shosho hataki. Akiulizwa sababu haongei mambo ya bei hata kidogo. Anasema tu, "Hiyo miti iliombewa ruhusa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma. Lakini kabla ya kufika kwa magavana na sheria zao, wacha tuanze na tawi, maana bila kuangalia tawi siasa ya kahawa haieleweki.

Kahawa ya arabika inachanua ikinyeshewa. Mti unakaa mkavu wiki kadhaa, umebana machipukizi yake, halafu mvua inanyesha na baada ya siku kama kumi hivi unaamka asubuhi unakuta shamba lote ni jeupe na linanukia kama yasmini. Maua yanakaa siku mbili tatu, yanaanguka. Kutoka hapo hadi tunda liive ni miezi minane au tisa. Kwa kuwa sisi tuna mvua za masika na za vuli, mti unachanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na ndiyo maana tuna mavuno mawili: makubwa ya Oktoba hadi Desemba, na madogo yanayoanza Aprili. Hata ndani ya msimu mmoja matunda hayaivi pamoja. Shika tawi lolote mwezi wa Novemba. Utakuta tunda jekundu la kuchunwa leo, la manjano linaloomba wiki moja, la kijani linaloomba mwezi, na moja jeusi ulilolisahau safari iliyopita.

Huko Brazil, kwa mashamba tambarare, kuna mashine zinazopita juu ya mistari zikitikisa miti mpaka kila kitu kimwagike. Hapa kwetu mteremko ni mkali kiasi kwamba ukiangusha debe unalifuata hadi mtoni. Na bei ya kahawa yetu inatokana na jambo moja: kuchuna jekundu peke yake. Kwa hivyo unarudi kwa mti ule ule kila baada ya siku kumi au kumi na nne, msimu wote, ukichagua kwa vidole. Unalishika tunda, unalizungusha kidogo, linatoka. Debe liko kiunoni, limefungwa na kamba. Siku nzuri mimi nafika madebe matatu. Shosho ana miaka themanini na miwili na mpaka mwaka juzi alikuwa ananipita.

Kahawa basi inataka mikono. Inataka mikono mingi kwa wiki chache, halafu haiihitaji tena mpaka msimu ujao. Weka hilo akilini.

Kama kinywaji, kahawa ilikuwa Pwani zamani sana kabla ya kuwa shamba la mtu yeyote bara. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na wazee wa Lamu na Mombasa walikuwa wakinywa kahawa chungu kutoka kwa dele la shaba wakati huku milimani hakuna aliyewahi kuusikia mmea huo. Miche ya kwanza ya bara ililetwa na mapadri Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu. Walipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha kwenye misheni yao ya St. Austin's nje ya Nairobi ya wakati ule, mahali ambapo sasa ni Lavington. Mbegu ilikuwa ya kisiwa cha Bourbon, kile kinachoitwa Réunion siku hizi. Hebu fikiria: arabika ilianzia Ethiopia, ambayo tumepakana nayo. Ilivuka ikaenda Yemen, ikateremka hadi Bourbon katika Bahari ya Hindi, ndipo ikaja kutua Taita mikononi mwa padri. Jirani alikuwa nayo karne zote hizo, sisi tukaletewa kwa meli.

Walowezi waliichukua haraka. Kiambu, Ruiru, Thika, Makuyu, ardhi nyekundu yote ile iliyo kati ya futi elfu tano na elfu sita. Watu wengi wanaosoma vitabu wanajua shamba moja tu, lile la Karen Blixen chini ya milima ya Ngong, ambalo kwa kweli lilikuwa mahali pa juu mno na pakavu mno kwa kahawa, likafilisika na kuuzwa mwaka 1931. Yaani shamba la kahawa maarufu kuliko yote Kenya ni lile lililoshindwa. Tuyaache hayo.

Mlowezi alikuwa na ardhi, na alikuwa na mkopo wa benki. Mikono hakuwa nayo. Mtu wa Murang'a aliyekuwa na mbuzi, ndizi na shamba lake la mahindi hakuwa na haja ya kwenda kumchunia mzungu kahawa. Kwa hivyo haja ikatengenezwa. Kodi ya kibanda ilikuwepo tayari. Oktoba 1919, chini ya Gavana Edward Northey, ulitoka waraka uliowaagiza maofisa na machifu wawahimize watu wakafanye kazi kwa mashamba ya wazungu, na pale mashamba yalipokuwa karibu na rizavu, wanawake na watoto pia. Tunajua chifu wa wakati ule akiambiwa "himiza" alikuwa anasikia nini. Wakati huo huo kipande kikaanza kuning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume, ili akitoroka kazi ajulikane ametoroka wapi.

Harry Thuku alipoanza kuhutubia mikutano mwaka 1921, mojawapo ya mambo aliyoyapigia kelele ni hili la wasichana kukusanywa na machifu na kupelekwa kuchuna kahawa. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, na mwanamke kutoka Murang'a, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakemea wanaume waliotaka kwenda nyumbani. Polisi walifyatua risasi na Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Serikali ilihesabu maiti 21, na watu waliokuwepo wakasema ni wengi zaidi. Shuleni tulifundishwa tukio hilo chini ya kichwa "vyama vya kisiasa vya mwanzo". Sikumbuki mwalimu akitaja kahawa.

Sasa tuje kwa kupanda. Hakukuwa na sheria iliyosema waziwazi kwamba mtu mweusi haruhusiwi kuwa na mti wa kahawa. Kulikuwa na leseni. Sheria ya mwaka 1918 ilisema mwenye shamba la kahawa lazima aandikishwe na alipie leseni, na leseni kwa Mwafrika ilikuwa haitoki. Ukiuliza kwa nini, ulipewa sababu tatu: Waafrika wataeneza magonjwa, wataiba kahawa ya walowezi na kuiuza kama yao, na wataharibu jina la kahawa ya Kenya kwa kuchuna vibaya.

Hiyo ya magonjwa inanifurahisha kwa njia mbaya. Chulebuni, ugonjwa unaooza tunda likiwa bado kijani, ambao hapa kila mtu anauita CBD, uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, wakati ambapo kahawa ya nchi hii ilikuwa karibu yote mikononi mwa walowezi. Na hizo sababu nyingine zilikuwa na jibu lililoonekana kwa macho ukisimama mpakani siku ya anga safi. Kule Kilimanjaro, chini ya Waingereza hao hao, Wachaga walikuwa wanapanda arabika kwenye vihamba vyao. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wapanzi, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa ya wanachama hadi ng'ambo. Milima ni ile ile na Mfalme wa Uingereza ni yule yule. Tofauti ni kwamba Tanganyika haikuwa na walowezi wengi kama Kiambu, wenye sauti kwa gavana na wanaongoja mikono.

Hapo ndipo tawi linaeleza sheria. Kahawa ya Mwafrika ingeiva Novemba, wiki zile zile ambazo kahawa ya mlowezi inaiva. Mwanamke mwenye miti yake mia asingeacha jekundu lake lioze akachune la mtu mwingine kwa senti. Kumnyima mti kulikuwa ni kumkodi bila kumlipa zaidi.

Angalia pia mahali walikofungua mlango. Mwaka 1934 serikali iliruhusu Waafrika kujaribu kahawa kwa ekari chache, chini ya masharti makali na uangalizi. Waliochaguliwa ni Meru, Embu na Kisii. Zote ziko mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Kahawa ya Meru ikatoka nzuri, tena nzuri sana. Kiambu, Murang'a na Nyeri, zilizopakana na mashamba ya wazungu, ziliambiwa zingoje. Zilingoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwetu kungoja kuna hadithi yake. Baba yake guka alikuwa kibarua kwa shamba la mlowezi upande wa Makuyu. Siku moja akarudi nyumbani na miche mitano ndani ya mfuko wa unga, akaipanda nyuma ya kibanda, katikati ya migomba ambapo aliona haitaonekana. Ilionekana. Askari wa chifu waliing'oa, wakambebesha mwenyewe hadi kambini. Shosho aliambiwa hayo na mama mkwe wake, na kila akinisimulia huwa anaongeza kwamba mmoja kati ya ile mitano ulikuwa umeshachanua. Sina njia ya kuthibitisha ua hilo.

Kilichofuata si kwamba wakoloni waliamka siku moja wakiwa wema. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kazi ya lazima isiyo na malipo iliyosimamiwa na machifu. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Na mwaka 1954, vita vikiendelea msituni, Roger Swynnerton wa idara ya kilimo akatoa mpango wake: unganisha vipande vya ardhi viwe shamba moja, toa hati miliki, halafu mruhusu Mwafrika apande mazao ya kuuza. Wazo lilikuwa kwamba mtu mwenye hati na kahawa hataingia msituni. Wakati mpango huo unatekelezwa, zaidi ya watu milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge, na maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Ardhi ilipimwa wenyewe hawapo. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwa hapo mpimaji alipofika, na alikuwa wa kwanza kuruhusiwa kupanda.

Kwa hivyo ruhusa iliyoombwa na familia yetu haikuwa safi. Guka hakuwa kizuizini. Wala hakuwa hom gadi, shosho anasisitiza, ila kaka yake alikuwa. Ukoo mwingine wa pale ng'ambo ya mto ulirudi kutoka kambini ukakuta shamba lao limekuwa jembamba na liko mteremkoni. Hawa ndio majirani tunaosalimiana nao kila Jumapili. Wakati wa mazishi tunachangiana. Ya ardhi hayaongelewi.

Guka alipanda miti mia moja mwaka 1958. Afisa wa kilimo alikuja na kijiti cha kupimia: shimo futi mbili kwenda chini, futi mbili upana, na kutoka mti hadi mti futi tisa kila upande. Shimo likipungua, unaambiwa ulirudie. Mashimo mia ya kwanza yalichimbwa na mama yake guka, na yaliyofuata, baada ya harusi ya 1961, yalichimbwa na shosho. Miche ilikuwa ya SL28 na SL34, na majina hayo yasiyo na ladha yana historia nzuri. SL ni Scott Laboratories, maabara ya kilimo ya Kabete. Miaka ya 1930 watafiti wa hapo walikuwa wanachagua mti mmoja mmoja wenye sifa na kuuzalisha. SL28 asili yake ni mbegu iliyotoka Tanganyika, iliyosifiwa kwa kuvumilia ukame. SL34 ilitokana na mti mmoja uliosimama Loresho, Kabete. Loresho leo ni mtaa wa matajiri, na wanunuzi wa Tokyo na Oslo wanalipa pesa nyingi kwa watoto wa mti uliokuwa hapo.

Kuitunza ni kazi isiyoisha. Januari kuna kupogoa, kutoa matawi yaliyozeeka na kuacha shina mbili au tatu. Kuna kufunika ardhi kwa nyasi, mbolea, na dawa ya kopa inayokuacha na mikono ya buluu mpaka Jumapili. Kuna kukata mti wote hadi kisiki kila baada ya miaka kadhaa ili uanze upya. CBD ilipolipuka mwaka 1968 baada ya mvua nyingi, wakulima walinyunyiza dawa mpaka wakachoka, na hiyo ndiyo iliyowasukuma watafiti wa Ruiru kutafuta mti usioshikwa. Wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010.

Na kazi ya siku ya kuchuna haiishii shambani. Mkulima mdogo kwa kawaida hajimenyei, anapeleka kwa kiwanda cha ushirika. Jioni unabeba gunia mgongoni hadi huko, unalimwaga kwenye turubai, unachagua tena: jekundu huku, la kijani kule, jeusi pembeni. Karani anapima, anaandika risiti. Usiku mashine inawashwa, inamenya ganda la nje, na buni zenye utelezi zinaingia kwenye tangi la saruji kuchachuka hadi kesho au kesho kutwa. Zinaoshwa kwa maji ya mto kwenye mifereji mirefu, nzito zinazama, nyepesi zinaelea na kwenda zake. Halafu zinaanikwa kwenye meza ndefu za waya, zinageuzwa, zinafunikwa jua likiwa kali na usiku, wiki mbili au zaidi. Kutoka kilo sita hivi za matunda utapata kilo moja ya kahawa safi ya kuuzwa. Ile nyeusi iliyokauka na ganda lake inaitwa mbuni, na jina hilo limeingia hadi kwenye mnada wa Nairobi, ambapo daraja la chini kabisa huandikwa MH na ML, mbuni nzito na mbuni nyepesi. Neno letu liko kwenye biashara ya dunia, ila liko mkiani. (Mbuni pia ni yule ndege mkubwa, na ni mtu anayebuni. Lugha ina ucheshi wake.)

Kila risiti ambayo shosho amewahi kupewa ina namba ya guka. Mwanachama alikuwa yeye, kwa kuwa hati ya shamba ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekwenda benki siku ya malipo, akiwa amevaa koti. Shosho anasema hakuwahi kuona karatasi ya malipo mpaka 1977, na aliiona kwa sababu mwaka huo guka alirudi nyumbani akicheka peke yake.

Julai 1975 baridi kali iliua mamilioni ya miti Brazil, na dunia nzima ikakosa kahawa. Mwaka 1976 na 1977 bei ikapanda kama kichaa. Kule mpakani Bungoma, soko dogo la Chepkube likawa mji kwa usiku mmoja, kahawa ya Uganda ya wakati wa Amin ikivushwa kwa baiskeli, punda na vichwa vya watu. Huku kwetu watu walijenga nyumba za mawe. Baba yangu na dada zake wawili walisomeshwa sekondari na miaka hiyo mitatu. Nikiangalia picha zao wakiwa na sare, naona kahawa.

Mwaka wa 1987/88 Kenya ilizalisha takriban tani 130,000, kiwango ambacho haijawahi kurudia. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa mgao wa kuuza kwa kila nchi ukavunjika, kila mtu akamwaga kahawa yake sokoni, na bei ikaanguka. Pesa ilikuwa inamfikia mkulima miezi mingi baada ya kuchuna, ikiwa imekatwa huku na huku, na miaka mingine ilifika kama senti tu. Watu wakataka kung'oa, na hapo ndipo walipokumbushwa Sheria ya Kahawa, Sura ya 333: kung'oa bila kibali ni kosa.

Ilikuwa sheria ya kutetea dola za serikali, na ilifanya kazi kwa kiasi. Watu hawakung'oa, waliacha tu. Miti ikapanda juu kama msitu, maharagwe na mahindi yakapandwa katikati ya mistari, jambo ambalo masharti yalikataza. Jirani mmoja, shosho anasimulia, alikuwa anamwaga maji ya moto kwenye mizizi usiku, mti mmoja mmoja, ili afisa akija akute umekufa kwa ugonjwa. Mjukuu wa mtu aliyepanda kisiri sasa alikuwa anaua kisiri. Mpaka sheria mpya ya 2001 ilipolegeza mambo, tayari kulikuwa na watu wengi walioichukia kahawa, na siwalaumu. Upande wa Kiambu mashamba makubwa yalikuwa yanakatwa ploti. Uzalishaji wa nchi siku hizi haufiki nusu ya ule wa 1988.

Harry Thuku, kwa taarifa yako, alikuja kuwa mkulima wa kahawa Kiambu, na mwaka 1959 aliingia kwenye bodi ya chama cha wapanzi, KPCU, akiwa Mwafrika wa kwanza. Kuna watu wanaisema hiyo kama ushahidi kwamba alibadilika. Mimi naona alikuwa ameketi mahali alipokuwa akielekea tangu 1921.

Baba zangu wadogo hawajali Thuku. Mkubwa wao ananiambia, "Wewe unasoma historia, mimi nalipa vibarua." Ana haki. Kumlipa mchumaji kwa debe kunakula sehemu kubwa ya bei, na vijana wa kuchuna hawapo, wako Nairobi kwa bodaboda na mjengo. Mikono ile ile aliyoitafuta Northey sasa sisi ndio tunaoitafuta. Lakini mapema 2025 bei ya arabika New York ilivuka dola 4 kwa ratili kwa mara ya kwanza, na kiwanda chetu kikalipa vizuri kuliko nilivyowahi kuona, na hata huyo mkubwa alinyamaza siku mbili.

Tumefikia mahali hapa. Sehemu ya chini karibu na mto, ambako miti 30 hivi ilishakauka, imepandwa miche ya avokado. Visiki 60 vimebandikwa vikonyo vya Batian na fundi kutoka Kangema, na vingi vimeshika. Iliyobaki haijaguswa, na haitaguswa hivi karibuni, kwa sababu baba mdogo alipokwenda ofisi ya ushirika kutaka kugawanya hisa aliambiwa namba bado ni ya guka, aliyefariki mwaka 2011, na hati ya shamba vilevile. Inabidi kwanza kesi ya urithi ifunguliwe kortini, shosho aandikwe, watoto wote watie sahihi, pamoja na shangazi aliyeko Mombasa ambaye hapokei simu za kaka zake. Cheti cha kifo tunacho. Barua ya chifu tunaifuata Jumanne.